Lenzi ya marehemu babu (Praktica, M42) kwenye Nikon D5300: karibu inaona, mbali ukungu, na f haibadiliki

mjukuu_wa_kikwajuni (Unguja)

Wadau habari za wikiendi, shikamooni wakubwa wote humu.

Nina jambo linanisumbua wiki ya pili sasa. Bibi yangu kahama chumba, tukawa tunatoa vitu kabatini, kwenye mfuko wa ngozi uliokakamaa kama kiatu cha zamani ikatoka kamera ya marehemu babu, Praktica nova. Babu alikuwa mwashi, alifanya kazi na wale Wajerumani Mashariki waliokuja kujenga majumba ya Kikwajuni miaka ya sitini baada ya Mapinduzi, na bibi anasema mmoja wao ndo alimwachia hii kamera siku anarudi kwao. Kwenye lenzi pameandikwa Domiplan 2,8/50 Meyer-Optik Görlitz, hiyo mbili na nane wameitenganisha kwa koma. Inafunguka kama kifuniko cha chupa, unazungusha tu mpaka inaachia, ndo hiyo skrubu wanayoiita M42.

Mimi natumia Nikon D5300, napiga harusi ndogo ndogo na watoto wa shule. Nikaagiza adapta ya M42 kwenda Nikon, ringi nyembamba ya chuma, haina kioo ndani. Imefika, imekaa vizuri. Mwanzo kamera iligoma kabisa ikasema hakuna lenzi, hilo nikalitatua kwa kuweka M (unarekebisha kila kitu mwenyewe). Nikimpiga mtu aliye karibu, hatua moja hivi, picha inatoka nzuri ajabu, nimempiga mtoto wa dada yangu anakula embe mpaka nyuzi za embe kwenye meno unazihesabu. Ila nimekwenda Forodhani nikiwaelekezea vijana wanaoruka majini hakuna kitu, ringi ya fokasi nimeizungusha mpaka mwisho kwenye ile alama ya nane iliyolala (ya mbali kabisa) na bado ni ukungu mtupu. Alafu ringi ya f (ya tundu la kupitisha mwanga) nayo nikizungusha kutoka 2.8 mpaka 22 hakuna kinachobadilika, ukichungulia ndani tundu liko wazi vile vile.

Lenzi imekufa? Au nimeuziwa adapta mbovu? Nataka sana kuitumia hii, bibi ana miaka mingi sasa na nataka nimpige picha kwa lenzi ya mumewe. Na kingine, ndani ya kamera inaonekana kuna filamu bado, kaunta iko kwenye 19. Natanguliza shukrani.

fundi_milimita (Dar)

Mkuu pole na hongera kwa pamoja, hiyo ni mali. Lenzi ni nzima na adapta yako ni nzima, shida iko kwenye hesabu ya milimita na hii hesabu ukiielewa mara moja hutauziwa kitu kibovu tena maisha yako yote.

Kila maunti (pale lenzi inapojifunga kwenye bodi) ina umbali wake kutoka pale lenzi inapogusa bodi mpaka kwenye filamu au sensa. Lenzi imetengenezwa ikae umbali huo huo, ikisogea mbele hata milimita moja basi haioni tena mbali. M42 ni milimita 45.46. Nikon F ni 46.5. Umeona hapo? Bodi ya Nikon yenyewe tayari inaiweka lenzi ya babu mbele kwa milimita 1.04 kabla hujaweka hata adapta. Sasa chukua urefu wa fokasi wa lenzi, ile 50 iliyoandikwa juu yake, 50 mara 50 ni 2500, gawanya kwa 1.04 unapata kama 2404, hizo ni milimita. Maana yake hata kama ringi yako isingekuwa na unene wowote, mwisho wako wa kuona ungekuwa kama mita mbili na nusu. Na ringi ina unene wake, kwaiyo unaishia hapo hapo kwenye embe la mtoto. Forodhani utaisikia tu.

Canon EF ni 44.00, ndo maana mwenye Canon anaweka M42 na ringi ya milimita 1.46 na maisha yanaenda, anaona mpaka mwezi. Hata lenzi za Nikon zinaingia Canon, 46.5 toa 44 unabaki na 2.5, nafasi ya adapta ipo. Kinyume chake haiwezekani. Nikon ndo DSLR (kamera ya dijitali yenye kioo cha kuakisi kinachorukaruka ndani) yenye masharti magumu kuliko karibu zote kwa lenzi za watu wengine, sio ubaya wa kamera, maunti yao ni ya 1959 na wameing'ang'ania, faida yake ni kwamba lenzi nyingi za zamani za Nikon yenyewe zinaingia kwenye DSLR yao bila adapta.

Mirolesi ndo zimefungua dunia. Kioo cha kurukaruka hakipo tena, kwaiyo bodi imekuwa nyembamba: Sony E ni 18, Fuji X ni 17.7, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16 tu. Kutoka 45.46 mpaka 18 una milimita 27.46 za kuchezea, adapta inakuwa bomba tupu la chuma, halina kioo, halina umeme, na karibu kila lenzi ya zamani ya SLR inakubali.

Kwaiyo ushauri wangu, usiuze D5300. Tafuta wa kukuazima Canon ya zamani yoyote au Sony mkono wa pili.

bi_shata (Mombasa)

Mimi nataka kumtahadharisha mapema kabla hajafika huko dukani: mwenye duka atakwambia kuna adapta ya M42 kwenda Nikon yenye kioo kidogo katikati na mbali utaona. Ni kweli utaona. Lakini usinunue. Niliwahi kuwa nayo, kile kioo ni lenzi ya ziada umemuongezea mtu bila kumuuliza, ukiwa f wazi kila taa inavuja maziwa, nilipiga kesha la harusi Kizingo taa za bustani zote zikawa na mawingu, na wale maharusi hawarudii tena kuoana ili nipige upya. Nilikitoa kile kioo kwa bisibisi nikabaki na ringi tupu, naitumia kwa vitu vya karibu, pete, hina mikononi, vifungo vya kanzu. Kwa kazi hiyo adapta uliyo nayo ni nzuri kabisa kaka, usiitupe.

Mimi nimehamia Sony a6000 mkono wa pili kwa ajili ya lenzi hizi hizi. Ukiipata ingia kwenye menyu uruhusu kupiga bila lenzi, maana adapta tupu haina umeme na kamera inadhani pako wazi, watu wengi wamerudisha adapta dukani kwa sababu ya hiyo menyu moja tu. Washa na ile ya kuchora rangi kwenye kingo zilizo kwenye fokasi, mimi naweka nyekundu, alafu ukitaka uhakika unakuza picha kwenye skrini unatazama kope. Rangi peke yake inadanganya ukiwa f wazi, itakuonyesha uso wote mwekundu kumbe iliyokamata ni ncha ya pua. Kope, tena jicho lililo karibu nawe.

Na ukiwa na bodi yenye stabilaiza ya ndani (ya kuzuia mtikisiko) kama Sony a7 II lazima uiambie mwenyewe lenzi ni 50, yenyewe haijui. Ukisahau ikabaki kwenye 200 picha zinatoka zimetetemeka na utailaumu lenzi ya babu bure.

mjukuu_wa_kikwajuni

fundi_milimita nimeprinti hiyo hesabu nimebandika ukutani. Nimechukua futi ya mshonaji nikapima, mwisho wa kuona kwenye D5300 ni mita moja na robo hivi, baada ya hapo inaanza kufifia. Kwaiyo maneno yako ni ya kweli.

Dada bi_shata shukrani, mwenye duka tayari alishaanza kunielezea hiyo ya kioo, nilikuwa niende Jumatatu.

Hilo la f bado. Nimekaa na lenzi mchana wote, nikaona nyuma kuna kijiti kidogo cha chuma kimechomoza pembeni ya kioo. Nikakibonyeza na kijiti cha meno huku nimeweka f8, majani ya ndani yakajifunga! Nikaachia yakafunguka, ila taratibu sana kama mtu anayeamka usingizini. Hicho ni nini?

mbeba_filamu (Leipzig)

Habari zenu kutoka baridini. Ndugu yangu wa Unguja umeshalipata jibu mwenyewe kwa kijiti cha meno.

Hiyo ni pini ya apecha, yaani ya lile tundu la f. Zamani kwenye SLR unatazama kupitia lenzi hiyo hiyo, sasa ukiweka f16 dirishani kunakuwa giza. Kwaiyo waliiacha lenzi wazi muda wote, ukibonyeza shata kuna kibapa ndani ya bodi kinakuja mbele kinaisukuma ile pini, majani yanajifunga kwenye f uliyochagua, picha inapigwa, pini inaachiwa. Praktica ya babu inafanya hivyo. Nikon yako haina habari na hiyo pini, kwaiyo majani yanabaki wazi 2.8 milele. Lenzi nyingi za M42 zina kiswichi cha A na M pembeni (A inangoja pini, M ni ya mkono), unaweka M na ringi ya f inafanya kazi yenyewe. Domiplan haina, walibana gharama. Dawa yake ni kununua adapta yenye ukingo wa ndani, ule ukingo unaikalia pini muda wote. Ukiulizia dukani usiseme adapta ya M42 tu, itazame kwa macho: ukiishika mbele ya mwanga na ukaona kama kuna pete ya pili ya chuma ndani, ndo yenyewe. Kuna watu wanaigundisha pini kwa gundi, mimi sipendi, ukiigundisha lenzi haifai tena kwenye Praktica yake.

Naomba niseme kidogo kuhusu hii lenzi maana hapa naziona kila wiki kwenye soko la mitumba, zimelazwa kwenye blanketi kando ya vijiko na medali. Görlitz uko mpakani na Poland, kiwanda cha Meyer kilikuwa hapo, na M42 yenyewe imezaliwa Dresden, Contax S na Praktica za 1949. Domiplan ilikuwa lenzi ya bei ya chini, ina vioo vitatu tu ndani, na wengi waliidharau. Carl Zeiss Jena walikuwa na Tessar ya vioo vinne iliyokuwa ikitangazwa kama jicho la tai la kamera yako, kila mtu alitaka hiyo. Lakini hivyo vioo vitatu ndo ukoo mmoja na Trioplan 100 ya kiwanda hicho hicho ambayo leo watu wanaitafuta kwa pesa nyingi, kwa sababu taa ndogo za nyuma zinageuka mapovu ya sabuni, duara lenye ukingo unaong'aa. Domiplan inafanya hivyo pia kwa udogo wake. Ukiwa 2.8, mtu akae mita moja, nyuma yake kuwe na jua linapita kwenye majani ya mwembe au mnazi, utayaona mapovu. Kwaiyo hata kwenye D5300 hii hii, ndani ya mita yako moja na robo, una kitu ambacho lenzi mpya ya maabara haikupi.

Tahadhari moja: ukianza kupenda na kutafuta nyingine, Praktica za baadaye zilizoanza na B hazitumii M42 tena, zina maunti ya kubofya. Jina moja, adapta tofauti. Nimeona watu wamenunua hivyo kwa furaha wakaja kulia.

otieno_boke (Nairobi)

Niaje wasee, hii uzi imenipata wakati mzuri. Mimi niko na Canon 600D, na mjomba amenipea Canon FD 50 f1.4 ya zamani, inang'aa kama mpya. Nikaona Canon kwa Canon si itaingia tu, lakini wapi. Sasa kwa hesabu ya fundi, nitoe 44 kutoka kwa ya FD, hio FD ni ngapi? Na yule wa Zanzibar mbona asiazime tu 600D kama yangu.

fundi_milimita

otieno FD ni 42.0, kwaiyo umeingia deni la milimita mbili, na EF ilipokuja 1987 Canon waliachana na FD moja kwa moja, wenye lenzi za FD waliumia sana. Jina Canon halikusaidii chochote hapo. Adapta ya FD kwenda EF yenye kioo ipo na maneno ya dada bi_shata yanahusika nayo neno kwa neno. Itunze hiyo 1.4, usiiuze kwa hasira, kwenye mirolesi yoyote hata ile ndogo ya Micro Four Thirds inaingia kwa bomba tupu, na kwenye Canon RF yenyewe pia. Kumbuka tu Micro Four Thirds sensa ni ndogo, 50 inakuona kama 100.

600D kwa M42 ndio, safi kabisa. Weka Av (kamera inachagua kasi ya shata yenyewe) au M, kwenye f itaonyesha 00, usiogope, mita inapima mwanga vizuri, hapo inaizidi D5300 ambayo bila chipu kwenye lenzi haipimi kitu, unakisia na kutazama histogramu (ile grafu ya mwanga). Ile nukta ya kijani ya fokasi kwenye D5300 lakini inafanya kazi mkuu wa Unguja, itazame pembeni ya dirisha, ikitulia ujue umekamata.

mzee_wa_zenit (Tanga)

Vijana marahaba. Mmeongea vizuri ya milimita, mimi nataka niongee ya pwani.

Lenzi imekaa kabatini Unguja miaka mingi ndani ya mfuko wa ngozi. Mwanangu, ngozi inanyonya unyevu na inaulisha fangasi. Huo mfuko utenge leo hii, uanike juani, lenzi usiirudishe humo hata siku moja. Alafu usiku zima taa, chukua tochi, mulika kutoka nyuma ya lenzi utazame kwa mbele ukiwa umeiinamisha kidogo. Vumbi utaliona, vumbi halina neno. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui unaoanzia pembeni, hiyo ni fangasi. Ukiona ukungu sawasawa kama umepumulia kioo, hayo ni mafuta yamepaa, yanafutika. Fangasi inafutika nayo ikiwahiwa, ikishakula rangi ya kioo alama haitoki, ila alama ndogo haionekani kwenye picha, nina lenzi ya Helios 44-2 ina kovu tangu sijaoa na mpaka leo naitumia.

Hayo majani yanayoamka taratibu ni grisi. Grisi ya fokasi imeyeyuka kwa joto miaka hiyo yote ikatiririka kwenye majani. Yanasafishwa kwa mafuta ya laita na pamba kidogo, mara mbili tatu mpaka yarudi haraka kama kope. Domiplan ni lenzi rahisi kufungua, vioo vitatu tu, mpe fundi anayejua. Ukifungua mwenyewe shika hili moja: kabla hujatenganisha zile nyuzi za fokasi (mitaro kama ya skrubu), weka alama ya penseli pale zinapoachana. Nyuzi zina milango kadhaa ya kuingilia, ukiingiza mlango mwingine lenzi itazunguka vizuri lakini mbali haitaona tena, na utarudi hapa kuuliza milimita.

Kutunza, sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vipakti vya kwenye viatu vipya. Vikishiba unyevu vipashe moto taratibu virudi kazi. Mchele usiweke, una vumbi.

Na hiyo filamu, usifungue mgongo wa kamera! Kwanza bonyeza kibonyezo cha kuachia filamu, alafu zungusha ule mkono wa kurudishia polepole. Utahisi uzito, uzito, alafu ghafla wepesi. Hapo imerudi yote ndani ya kopo lake. Ndo ufungue, utusomee kilichoandikwa.

mjukuu_wa_kikwajuni

Mzee wangu shikamoo tena. Nimekaa siku tisa sijajibu kwa sababu nilikuwa nafanya kila mlichosema.

Fangasi ipo kidogo pembeni ya kioo cha nyuma, kama ukucha wa mtoto mchanga. Nimempelekea fundi wa saa Darajani, mzee mmoja mwenye mikono mitulivu, nikamsomea maneno yako ya penseli, akacheka akasema hata saa ziko hivyo hivyo. Majani sasa yanaruka. Nimepata adapta ya Canon yenye ukingo wa ndani na binamu yangu kaniazima 1200D ya studio kwao.

Jana alasiri nimempiga bibi barazani. Nilimwambia hii ni lenzi ya babu, akanyamaza, akaunyoosha mtandio. Nimepiga f4 nikiwa mita moja, nikakuza skrini nikatafuta kope kama dada bi_shata alivyosema. Nyuma yake kuna mlimau wa jirani na jua lilikuwa linashuka, mapovu yapo, ndugu wa Leipzig, madogo madogo yamezunguka mtandio. Alafu nikasogea mpaka upande wa pili wa barabara nikazungusha mpaka kwenye ile nane iliyolala, na baraza yote imetoka kali, mpaka karatasi za matangazo ya harusi ukutani zinasomeka.

Filamu nimeirudisha kama ulivyoelekeza mzee, uzito, uzito, kisha wepesi. Kopo limeandikwa ORWO NP 20. Nimeliweka kwenye friji ndani ya mfuko. Kuna anayejua nani anasafisha filamu hizi Dar au Nairobi?

mbeba_filamu

NP ni nyeusi na nyeupe, ingekuwa NC ndo ya rangi na hapo ingekuwa kazi kubwa. Ya kwako inasafishwa na dawa za kawaida za nyeusi na nyeupe, ila usimpe mtu wa mashine ya rangi, ataiua. Ni filamu ya miaka mingi, itakuwa na ukungu wake. Mwambie anayesafisha ajaribu kwanza kipande kifupi cha mwisho, zile picha za 18 na 19, aone dawa na muda, alafu ndo aingize zilizobaki. Mimi nakuja likizo Desemba nikipita Dar, kama hujapata mtu mpaka wakati huo nitakuja na tangi langu na dawa, tutaisafisha hapo hapo kwa bibi.